Mkwaju mmoja ulionificha miezi mitatu

Baridi ya mwezi wa sita hapa Uyole, Mbeya, haina adabu. Saa nne asubuhi unakuta ukungu bado umeikalia barabara ya Tukuyu, malori ya Tunduma yanapita yamewasha taa, na mimi nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo nimejifunga kitenge juu ya sweta. Asubuhi moja ya namna hiyo, mwaka 2023, mteja wa kwanza hajatokea, nikachukua simu nikaandika kwenye Google neno site, nikaweka nukta mbili, nikaunganisha na anwani ya tovuti yangu bila kuacha nafasi. Ujanja huo nilifundishwa na mpwa wangu. Ukiandika hivyo unaletewa kurasa za tovuti hiyo peke yake, zile ambazo Google inazo kwenye hazina yake.

Haikuwa na hata moja.

Tovuti ilikuwa hewani tangu mwezi wa tatu. Maswali 412 na majibu yake, nimeyachapa mwenyewe usiku baada ya kufunga hesabu, kwa vidole viwili, umeme ukikatika nasubiri, ukirudi naanzia palepale. Miezi mitatu yote nilikuwa nawaambia wateja "yote yapo mtandaoni, ingieni mtafute tu", nao wakaitikia "sawa mama" na kuondoka na mifuko yao ya mbolea. Hakuna aliyerudi kuniambia kwamba alitafuta akakosa. Watu wa huku hawapendi kumuumbua mtu mzima.

Hayo maswali yalitoka kwenye madaftari. Kabla ya duka nilikuwa afisa ugani, na nilipoacha kazi mwaka 2011 nikafungua hapa, watu wa Umalila na Kikondo waliendelea kunifuata na shida zao kama zamani. Wananiita bwana shamba mpaka leo, na sketi yangu wanaiona. Kila swali lililonishtua au lililojirudia nililiandika kwenye kaunta buku: tarehe, kijiji, swali kama lilivyosemwa, jibu nililotoa, na baadaye kama jibu lilifaa au lilinitia aibu. Yamefika madaftari sita. Kurasa za mwisho za kila daftari nimeziachia faharasa, maana bila hiyo nisingepata kitu. Ukifungua la tatu utakuta: "kusinzia, uk. 14, 51, 88", "viazi kugeuka kijani, uk. 9", "lumbesa, uk. 3 na karibu kila mahali".

Naitaja faharasa hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuja kunifunza, ingawa nilichelewa kuitazama.

Mimi nilidhani ukiuliza Google kitu, inakimbia duniani wakati huohuo, inachungulia kila tovuti, inarudi inahema na jibu. Kumbe roboti yake, programu iitwayo Googlebot, inakuwa imeshapita siku nyingi kabla hujauliza. Inafuata kiungo hadi kiungo, inasoma, inaondoka na nakala, na kilichosomwa ndicho kinachopangwa kwenye faharasa. Ukiuliza, inafunguliwa hiyo faharasa. Ukurasa ambao haumo ni kama swali nililoliandika katikati ya daftari nikasahau kuliingiza kule nyuma. Lipo, wino umekauka vizuri kabisa, na siku ya shida sitalipata.

Jioni ileile nikamwita mpwa wangu. Ni mtoto wa dada, anasomea kompyuta hapa mjini, na ndiye aliyeijenga tovuti wakati wa likizo kwa malipo ya chakula na nauli ya bajaji. Akaja, akala kwanza, kisha akafungua faili dogo liitwalo robots.txt. Lilikuwa na mistari miwili:

User-agent: *
Disallow: /

Akakaa kimya. Halafu akasema, "Mama mdogo, tatizo ni mkwaju."

Mkwaju ninaoujua mimi hauoti Uyole, ni mti wa nchi za joto, ukiutaka teremka Usangu. Yeye alimaanisha ule mstari ulioinama mwishoni. Mstari wa kwanza wa faili unasema "roboti yeyote". Wa pili unasema "usiingie", na mkwaju ukiwa peke yake ndio mlango mkuu, yaani kila kitu kilichomo ndani. Ukiufuta, ukaacha neno lile na nukta zake mbili, maana inageuka kabisa: hakuna kilichokatazwa. Alama moja. Aliiweka wakati anajenga, watu wasije wakaikuta tovuti ina kuta bila paa, na siku ya kuifungua tukaisahau wote wawili. Ni kama jiwe mbele ya tairi: dereva kawasha lori, anakanyaga mafuta, anashangaa haliendi, na aliyeliweka jiwe ni utingo wake mwenyewe.

Utaratibu wa faili hilo ni wa zamani kuliko Google. Mtaalamu wa kompyuta Martijn Koster aliupendekeza mwaka 1994, wakati tovuti zenyewe zilikuwa bado chache, na kwa miaka 28 ukatumika kama makubaliano ya waungwana tu, mpaka ulipoandikwa kuwa kanuni rasmi, RFC 9309, mwaka 2022. Na uungwana ndio nguvu yake hata sasa. Faili halina kufuli, linaomba. Roboti yenye adabu inatii, isiyo na adabu inapita. Isitoshe linasomwa na yeyote anayetaka, kwa hiyo ukiorodhesha humo kurasa zako za siri ujue umezitangaza.

Tukaufuta mkwaju. Google kwa kawaida hukaa na nakala ya faili hilo hadi saa 24 kabla ya kulisoma upya, kwa hiyo sikutegemea muujiza wa usiku mmoja. Wiki ikapita. Bado sifuri.

Hapo ndipo tulipokuta kufuli ya pili. Kwenye mipangilio ya tovuti kulikuwa na kisanduku kimewekewa tiki, kazi yake ni kupachika kwenye kila ukurasa neno noindex. Msomaji halioni, roboti inaliona, na maana yake ni hii: umenisoma, sawa, ila usiniingize kwenye faharasa. Kwa hiyo miezi mitatu ile roboti ilikuwa imezuiwa getini, na hata tulipoifungulia geti ikaingia, ikasoma, ikakuta kibandiko cha "usiniandike", ikaondoka zake kwa heshima. Mpwa wangu aliona haya. Nilimwambia aendelee kula, mimi mwenyewe nimewahi kumwuzia mtu bomba la kupulizia dawa bila mpira wake.

Tukaondoa tiki, tukaisajili tovuti kwenye Search Console, chombo cha bure cha Google ambacho kinamwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kutoka upande wa pili. Tukaipelekea na ramani ya tovuti, faili linaloorodhesha anwani zote. Ramani moja inapokea anwani mpaka 50,000. Mimi na zangu 412 nilijiona kama nimepeleka debe moja ghalani. Ramani nayo ni ombi, haimlazimishi mtu kuja. Kuna pia kitufe cha kuomba ukurasa mmoja mmoja uangaliwe, na nikiri kwamba nilikibonyeza kila asubuhi kwa ukurasa uleule kabla ya kuwapa kuku chakula. Maelekezo yao yanasema wazi kwamba kuomba mara nyingi hakuharakishi chochote. Niliyasoma baada ya mwezi.

Ripoti ilipoanza kujaa, ikanichanganya zaidi. Kwanza ilisema kuna anwani 2,900 na kitu. Za nani? Mimi nina maswali 412. Nikafikiri tumeingiliwa. Kumbe kila swali lilikuwa limejizaa. Lilikuwa na anwani yake ya kawaida, anwani nyingine ya kuchapisha kwenye karatasi, nyingine ukilifikia kwa kupanga kufuata tarehe, nyingine ukilifikia kwa kupanga kufuata zao, na nyingine ukilifikia kupitia kijiji. Maandishi ni yaleyale. Kwa roboti kila anwani ni ukurasa, basi ikawa inasoma swali moja la kupanda viazi Kikondo mara saba, na muda wake wa kukaa kwetu ukaisha kabla haijafika kwenye maparachichi. Dawa yake ipo tangu 2009, wakati Google, Yahoo na Microsoft walipokubaliana juu ya alama ya canonical: unaandika ndani ya nakala zote kwamba anwani yangu halisi ni ile pale. Hiyo nayo ni pendekezo, mtambo unaweza kuamua vingine, lakini kwetu ilisaidia. Mpangilio wa kijiji tukaufuta moja kwa moja. Nilikuwa nimeuweka kwa majivuno tu, nionekane nafahamika mbali.

Pili, ripoti ilitofautisha kurasa zilizogunduliwa na zilizosomwa, na chini ya zote mbili ikaandika kwamba bado hazijaorodheshwa. Mwanzoni niliona ni kitu kimoja. Ukurasa uliogunduliwa tu ni ule ambao anwani yake inajulikana ila roboti haijaja. Uliosomwa bila kuorodheshwa umetembelewa, ukatazamwa, ukaachwa. Huu wa pili ndio unaouma, kwa sababu mgeni ameingia mpaka sebuleni akaona hakuna cha kumkalisha. Nikafungua zangu zilizoachwa, nikazisoma kama mtu baki. Swali: "Naweza kuchanganya mbolea ya DAP na samadi?" Jibu: "Ndiyo." Basi. Kaunta inaelewa jibu hilo, maana nilikuwa nikilisema huku nakuonyesha kwa mkono, shimo kina gani, samadi iliyooza rangi gani. Kwenye ukurasa mikono yangu haikuwepo. Nikakaa miezi miwili kuunganisha na kuandika upya. Maswali 412 yakawa kurasa 187, na sijutii.

Kilichonichekesha katika kazi hiyo ni kitufe cha "Soma zaidi". Mpwa wangu alikiweka kizuri, cha kijani, ukibonyeza yanashuka maswali mengine kumi. Roboti haibonyezi vitufe na haitelezeshi ukurasa kwa kidole, inafuata viungo vya kawaida. Kwa hiyo ilikuwa inaona maswali kumi ya kwanza, mengine ingeyapata kwa ramani peke yake kana kwamba hayana ndugu. Tukaweka namba za kurasa chini, moja, mbili, tatu, za kizamani, zisizo na urembo wowote.

La simu sikulicheka. Nilimwomba mwenyewe awaonee huruma watu wa bando dogo: kwenye simu ukurasa uonyeshe aya ya kwanza tu ya jibu, anayetaka lote afungue kwa kompyuta. Nilijiona mtu mwenye utu. Lakini Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kusoma tovuti kwa sura yake ya simu, na tovuti mpya zote tangu Julai 2019 zilianzia huko bila kuulizwa. Kisichokuwepo kwenye simu, kwake hakipo. Majibu yangu yote yalikuwa yamekatwa kiuno. Na hao niliowahurumia, ni nani Kikondo anatembea na kompyuta begani? Tukarudisha majibu yote kwenye simu, tukapunguza picha badala yake. Picha ndizo zinazokula bando, maandishi ni makapi tu.

Kufikia mwezi wa kumi kurasa kama 60 zilikuwa zimeingia. Nikaandika site na nukta mbili, zikaja. Nilimwonyesha hata dereva wa bodaboda aliyeleta mzigo.

Lakini watu hawakuja.

Search Console ina ripoti inayokuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea mbele yao, na inayahifadhi kwa miezi 16. Niliifungua siku moja ya Jumapili baada ya ibada, na nikaisoma kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya kwenye daladala. "Dawa ya viazi kunyauka." "Viazi vinasinzia mchana." "Kwa nini viazi vyangu vinakufa vikiwa kijani." Hayo ndiyo maneno. Na ukurasa wangu uliokuwa ukitokea kule chini kabisa, ambako hakuna anayefika, uliitwa hivi: "Udhibiti wa mnyauko bakteria katika zao la viazi mviringo". Ndani yake neno kusinzia halikuwemo hata mara moja.

Nikaenda kabatini nikatoa daftari la tatu. Kusinzia, ukurasa wa 14, 51, 88.

Ukurasa wa 14 ni mama mmoja wa Umalila, mwaka 2014. Nimeandika maneno yake: "Viazi vinasinzia mchana, jioni vinaamka. Nikaona ni jua. Siku ya tano havikuamka." Sijawahi kusoma kitabu kilichoeleza mwanzo wa mnyauko bakteria vizuri kuliko mama huyo. Ndivyo ulivyo kweli: joto la mchana linaulaza mmea, ubaridi wa usiku unauinua, mpaka mishipa izibe kabisa, nao unakufa majani yakiwa bado ya kijani. Nilimwambia siku ile akate shina karibu na udongo, achukue glasi ya maji safi, akininginize kile kipande ncha iliyokatwa izame kidogo tu, asiitikise, na angoje dakika chache. Kukishuka uzi mweupe kama maziwa, wenye kunyooka kwenda chini, ni huo. Alirudi wiki iliyofuata, na chini ya swali lake nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Uzi umeshuka."

Kaunta buku langu la shilingi elfu chache lilikuwa na faharasa bora kuliko tovuti. Kwenye kaunta nilikuwa naandika watu wanavyosema. Siku nilipojua nitasomwa na ulimwengu nikavaa suti, nikaanza kusema "udhibiti" na "katika zao la". Hakuna mtu shambani anayeamka akasema ana tatizo la udhibiti. Mtambo wa kutafuta hauna ubishi wa nani ana elimu. Unachukua maneno ya anayeuliza, unayatafuta kwenye faharasa, na siku hizi unajitahidi hata kukisia maana, lakini kwa Kiswahili cha mashambani sikutaka kuuachia ukisie.

Nikabadilisha vichwa vyote 187, madaftari yamefunguliwa mezani. Ule wa mnyauko nikauita "Dawa ya viazi kusinzia: hakuna, usiuziwe". Ndani nimeeleza habari ya glasi, nimeeleza kung'oa mmea pamoja na udongo wake, kutumia mbegu safi, na kupumzisha shamba kwa mahindi au ngano, asirudishe hapo nyanya wala pilipili kwa sababu ni ukoo mmoja na viazi. Jina la kitaalamu nimeliacha chini, kwa wanafunzi. Mwenzangu mmoja wa maduka ya hapa aliniambia nimejifungia riziki, mtu anatafuta dawa unamwambia hakuna. Mimi nauza mbegu na mbolea, chupa ya uongo siiuzi, na nilimjibu hivyo.

Sasa niseme na kosa langu kubwa, ambalo halikuwa la mkwaju.

Kwenye madaftari nilikuwa naandika jina na namba ya simu ya aliyeuliza, ili nimpigie kujua jibu lilifaa. Nilipokuwa nachapa usiku, mengine niliyachapa na namba zake. Miezi ile tovuti ilipokuwa haionekani, hakuna aliyedhurika, na nadhani ndiyo faida pekee ya kufuli zetu mbili. Tulipofungua, mzee mmoja aliyeniuliza mwaka 2019 kuhusu kuuza lumbesa, kijiji chake na namba yake vikawa vinatokea kwa yeyote anayetafuta viazi vya huko. Madalali wakaanza kumpigia. Wengine saa tano usiku, wengine wakimwambia bei kana kwamba walishakubaliana.

Alikuja mwenyewe, na fimbo yake, akakaa kwenye gunia la chokaa. Akaniamkia mimi kwanza, kitu ambacho mzee hafanyi, nikajua mambo yameharibika.

"Mwanangu," akasema, "umeniweka wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimpigia mpwa wangu palepale. Wazo la kwanza la kijana lilikuwa kurudisha mkwaju kwenye ukurasa ule, auzibe. Nilimkatalia kwa yale yale aliyonifundisha mwenyewe: ukiizuia roboti isiingie, haitaona kwamba namba imefutwa, itabaki na ilichokibeba zamani. Tukafuta namba na jina kwanza, tukaacha mlango wazi ili ije isome upya, kisha tukatumia chombo cha kuondoa kilichomo kwenye Search Console, ambacho kinauficha ukurasa kwenye matokeo kwa kama miezi sita. Ni pazia la muda, lakini lilitosha roboti kupita tena na kubeba nakala safi. Kwa wiki mbili nilipitia kurasa zote moja baada ya nyingine nikitoa majina, namba, na mambo mengine ambayo watu waliniambia mimi na kaunta peke yetu. Kuna maswali matatu ya kina mama kuhusu hela za viazi na waume zao ambayo nimeyatoa kabisa, yanabaki kwenye daftari, na daftari linakaa kabatini, na ufunguo ninao.

Mzee nilimpelekea mbegu za msimu huo. Alizipokea, akasema hazikuwa na haja. Namba yake aliibadilisha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole bila visa. Kwenye Bing, mtambo wa kutafuta wa Microsoft, tulijisajili kwa nusu saa, na kuna utaratibu wao na Yandex, mtambo wa Warusi, wa tangu 2021 uitwao IndexNow, unaoujulisha mtambo mara ukurasa unapobadilika, Google haiutumii. Anayetafuta kwa DuckDuckGo, mtambo mwingine wa kutafuta, naye anapata sehemu kubwa ya matokeo kutoka Bing, kwa hiyo huyo alikuja kama nyongeza ya muuza nyanya. Viungo kutoka tovuti za wengine ndivyo vilivyokuwa vigumu. Nani ataniunganisha mimi? Maafisa ugani watatu niliofanya nao kazi zamani waliweka anwani yangu kwenye kurasa zao, bila kuombwa mara ya pili, na ripoti ilionyesha roboti imeanza kuja mara nyingi zaidi.

Akatokea na kijana mmoja mtanashati, kashuka kwenye bodaboda na kompyuta kwenye mkoba, akasema kwa shilingi 150,000 atanifikisha nafasi ya kwanza ndani ya siku saba, ana mtu wake huko ndani. Nikamuuliza huko ndani ni wapi. Google imeandika kwenye maelekezo yake kwamba haipokei malipo ili kutembelea tovuti mara nyingi au kuipandisha juu, na kwamba hakuna awezaye kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Nilimuuzia mbegu za spinachi.

Januari mwaka huu, mvua imekolea, simu ya duka ililia kabla sijafungua dirisha. Mwanaume, sauti ya mtu aliye shambani, upepo unaingia kwenye simu.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye uliyeandika viazi vinasinzia?"

"Marahaba. Ndiyo, baba. Uko wapi?"

"Matamba huku, Makete. Vya kwangu vinasinzia. Binti yangu kaandika kwenye simu hivyohivyo ninavyosema, ukatokea wewe. Nimeshakata shina. Glasi sina, nina chupa ya maji."

Nikamwambia aikate shingo, aijaze maji ya wazi, asishike kile kipande kwa mkono unaotetemeka, akifunge na ujani juu ya mdomo wa chupa. Nikamsikia akimwagiza binti kisu. Nikafungua dirisha, nikawasha mizani, nikamtolea mteja mfuko wa mbolea ya CAN, simu nimeibana kwa bega.

"Usikate simu, mama," akasema. "Naona kama uzi."